Mikonge ya Mpakani

Mwanangu Zaidi,

Salamu nyingi kutoka Kwamsisi. Bibi yako Mwanaidi hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Dada yako Maryamu hajambo, na mtoto wake ameota meno mawili. Mbuzi wako amezaa. Baba yako mdogo Isihaka naye hajambo. Jana kaniletea mihogo, ingawa tunashtakiana kwa mpaka wa shamba. Kaniambia, "Shemeji, kesi ni kesi, njaa ni njaa."

Yule wakili uliyemweka kwanza alinikaririsha maneno kama mtoto wa madrasa, nikayashika yote. Huyu mpya wa Korogwe, binti anaitwa Pooja, kayakataa. Kasema, "Mama, mimi sikufundishi cha kusema, wala uongo siupeleki mahakamani. Jumatano tukae na shemeji yako, kila mtu aseme alichokiona." Nikamjibu sawa.

Zaidi, mimi niliona. Asubuhi ile ulipong'oa mikonge ya mpaka ukaipanda ndani ya shamba la Isihaka, nilikuwa nachuma mchicha. Nikanyamaza kwa kuwa nimekuzaa. Sasa nikinyamaza tena namdhulumu mtu anayenilisha, na nikisema nakuaibisha wewe mbele ya watu. Sina pa kutokea, mwanangu.

Njoo uyaseme mwenyewe. Isihaka anakuulizia kila siku, hajui. Kwenye simu siwezi, simu ni ya Maryamu, atasikia. Bodaboda aliyekuletea barua hii hapo Segera anarudi kesho. Mpe jibu, hata neno moja, kabla Jumatano haijafika nikaulizwa.

Mimi mama yako,
Rukaya