Fundo kwenye Boksi la Vyombo

Wanangu,

Kunjeni magodoro, shusheni mapazia. Kitindamimba, leo usijifanye mgongo unakuuma. ~~Lori likija, tangulieni nyumba mpya.~~ Hapana. Lori likija, lirudisheni. Tutalala kwa mama mdogo.

Jana boksi la vyombo nililiacha kibarazani bila kulifunga, nikaandika ubavuni mtaa tunaohamia ili wapagazi wasipotee. Akili zangu hizo. Asubuhi nimelikuta limefungwa kamba, vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Nimelitazama lile fundo. Ni la baba yenu, na tunahama ili asijue tulipo.

Nimemfuata mjomba. Chai ipo kwenye chupa. Mlango tieni komeo. Baba yenu akibisha kwa upole, ndiyo msifungue kabisa.

Mama