Kambale wa Kidimbwini

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepita bwawani kabla ya kuchota maji, kama kawaida. Limebaki tope na kidimbwi kimoja katikati. Kambale wamejazana humo, migongo nje. Hao ndio wazazi. Mvua ikinyesha watataga, na mwakani kijiji kitakula samaki. Wakiisha hao, bwawa litakuwa la kunyweshea ng'ombe tu. Ndiyo maana kamati yetu ya bwawa imepiga marufuku kuwagusa, na kila kaya inalinda mchana kwa zamu.

Leo migongo imepungua. Sina shaka. Macho yangu nayaamini kuliko midomo ya watu.

Jumatano, 6 Novemba

Wamepungua tena. Pembeni nyayo za punda na alama za magurudumu.

Wenye mikokoteni ya punda hapa ni wawili. Mzee Ndahani, mwenyekiti wa kamati, na Issa, Mrangi aliyekuja kutoka Kondoa kununua alizeti akaoa hapahapa. Nimeanza na mwenyekiti, nisije nikaambiwa nabagua. Nikaingia jikoni kwa mkewe kuomba chumvi. Ugali wa uwele na mlenda. Hata harufu ya samaki hakuna.

Amebaki Issa. Asubuhi aliniamkia shikamoo mara mbili. Ya pili ilikuwa ya nini?

Ijumaa, 8 Novemba

Dodoma mjini, kwa Neema, binti yangu, Area D. Nimemwambia nimemkumbuka mjukuu. Kweli nimemkumbuka, lakini nilitaka kupita sokoni.

Kambale wamo kwenye mabeseni makavu, juani, wazima. Hawafi upesi, wanavuta hewa. Wateja wanapenda anayetikisika, basi wanaachwa hivyo kutwa nzima. Mmoja alikuwa anafungua mdomo na kufunga, polepole. Roho imeniuma. Nimemuuliza muuzaji wanatoka wapi, akasema mbali. Mbali wapi? Akageukia mteja mwingine. Nikaona tayari ameshanijibu.

Jumapili, 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Mungu anajua sababu.

Jumapili zamu huwa ya Issa, maana sisi wengine tuko ibadani. Nani alipanga hivyo? Yeye mwenyewe alijitolea. Tukamshukuru, wajinga sisi.

Nimejificha nyuma ya tuta. Amekuja na mkokoteni na mapipa. Ameingia topeni, anawashika mmoja mmoja kwa mikono, taratibu, anawaweka pipani. Mapipa yalikuwa na maji. Nikajiambia, tazama tamaa ilivyo, anataka wafike mjini wakiwa wanene.

Jioni nimemweleza mwenyekiti yote.

Jumanne, 12 Novemba

Tumekwenda kamati nzima. Nyuma ya nyumba ya Issa kuna tangi la saruji, limefunikwa matete. Kambale tele, wanaogelea. Mkewe alikuwa anawatupia pumba.

Issa amesema kidimbwi hakitafika mvua mwaka huu, amewahamisha tu, atawarudisha. Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Ningemwambia nani?" akasema Issa. "Kila mtu hapa ana sufuria."

Hilo ndilo lililowakasirisha watu. Kwa utaratibu wetu samaki wanaokamatwa kwa mwizi hawarudishwi, hugawanywa siku hiyohiyo, wasije wakaoza au wakaibwa tena. Wakatolewa, wakapigwa mchi kichwani. Wengine hawakufa kwa pigo la kwanza. Issa hakupigana. Alikaa kizingitini akiangalia miguu yake. Nikamwona ni mwigizaji mzuri.

Nimepewa fungu kubwa kuliko wote. Kwa kazi yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempasua wa kwanza. Tumbo limejaa mayai. Wa pili hivyohivyo.

Nimekaa na kisu mkononi. Wale wa sokoni walikuwa kwenye mabeseni makavu. Hakuna anayempelekea mteja kambale kwenye maji. Hakuna mwizi anayejitwisha mzigo wa maji bure. Nalijua hilo tangu utoto, na Ijumaa nimelitazama kwa macho yangu haya ninayojisifia.

Nimewapika. Sikuweza kula. Nimempa jirani, akafurahi.

Jumapili, 17 Novemba

Kidimbwi kimekauka. Tope limepasuka. Kambale wachache waliokuwa wamebaki wamekufa, korongo wanawadonoa. Issa alisema kweli.

Mwenyekiti anasema tusiongee sana, yameshapita. Naona anaogopa kuulizwa. Mimi sikuulizwa na mtu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nimekwenda kwa Issa. Nimemwambia nilikosea na mimi ndiye niliyesema. Akajibu kwamba anajua, aliniona nyuma ya tuta. Nikauliza kama tangini amebaki hata mmoja. Hakuna.

Sikujua kwamba mtu anaweza kukukaribisha uji baada ya hayo. Nimeunywa.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua imenyesha wiki nzima. Bwawa limejaa, zuri, na halina kitu.

Issa amepita asubuhi na mkokoteni. Upande wa pili wa kijiji cha Haneti kuna bwawa ambalo halikukauka. Anataka kuwaomba wazazi wachache. Amesema, "Twende wote, Mama Neema. Mimi peke yangu hawataniamini."

Nimekwenda. Njiani matope mengi, mara mbili tumesukuma.

Mlinzi wao, mama wa makamo, alikuwa amekaa kwenye jiwe. Ametuona tangu mbali. Akatazama mapipa, akamtazama Issa, akatazama tena mapipa. Akauliza tunataka nini na samaki wao.

Issa alinitazama. Nikashuka mkokotenini, nikamwamkia, nikaanza kumweleza.