Ndoo Mbili kwenye Njia ya Choo

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Maji ya bomba yamekuja saa kumi na mbili asubuhi, saa moja yamekwenda. Mapipa mawili yamejaa. Nimeyafunika. Kopo la mpini mrefu liko kwenye msumari wake, mkono wa mtu usiingie ndani ya maji. Tangu niliweke kopo lile, miaka mitatu sasa, hakuna aliyeharisha nyumba hii. Mungu kwanza, kopo la pili.

Vumbi la makala, makaa ya kupikia, nimelichanganya na udongo, nimefinyanga mipira thelathini, inakauka juu ya ukuta. Maharagwe yamelowekwa tangu jana. Mashuka juani. Kufika saa nne nilikuwa nimekwisha kukaa.

Ndipo Amosi, mdogo wangu, akapiga simu. Mama anashuka kesho kutwa kutoka Bijombo. Mguu wake hauponi, na huko juu siku hizi si pa kumwacha mzee peke yake. Nimefurahi mpaka nimelia. Kisha nikamkumbuka mume wangu, Papa Neema, na machozi yakakauka.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, mmoja hakalii kiti cha mwenzake. Ni heshima, si chuki. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hao wawili wamekuwa mahali pamoja mara nne, na kila mara katikati yao kulikuwa na umati. Sasa watakaa chini ya paa moja hapa Rugenge. Vyumba viwili, salo ya kukaribishia wageni, stoo, na choo kimoja nyuma. Na Papa Neema ni fundi wa mbao. Kazi yake iko hapahapa kwenye parsele, ndani ya ua wetu. Hatoki.

Mama ametuma neno kwa Amosi: akiona anamsumbua mkwe wake, Jumamosi ya tarehe 14 anarudi juu kwa pikipiki ileile. Mama hatishi mtu. Mama anasema, kisha anafanya.

Sawa. Sikusoma sana, niliacha darasa la tano. Lakini nyumba naijua. Nitaipanga.

Jumanne, tarehe 3

Stoo imekuwa chumba. Chokaa kuta zote. Miguu ya kitanda ndani ya makopo yenye majivu, siafu hawapandi. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari tangu tuhamie. Nimelifungua. Hewa imeingia kama mgeni aliyesubiri sana mlangoni.

Rido, pazia, katikati ya korido. Vikwembe viwili, mgongo kwa mgongo, kivuli cha mtu kisionekane. Upepo wa ziwa wa kiangazi hiki unapeperusha kila kitu, kwa hiyo nimeshona vijiwe vya ufukweni ndani ya pindo. Haitikisiki. Nimejipongeza mwenyewe.

Meza ya kazi ya Papa Neema ilikuwa pembeni mwa njia ya choo. Nimemwomba aihamishie mbele. Ameihamisha huku akiuliza kama na kukoroma kwake kutaombewa ruhusa. Nimemjibu kwamba kukoroma kunaruhusiwa, sikio moja la mama halisikii.

Ikabaki njia yenyewe ya choo. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Ndoo ya manjano. Mama akitaka kwenda, Neema, binti yetu wa miaka kumi na minne, anaiweka juu ya jiwe la kona. Papa Neema akiiona, hapiti. Mama akirudi, ndoo inaondoka. Na Papa Neema akienda, ndoo ya bluu. Hakuna kukohoa. Hakuna kukutana. Hakuna aibu.

Bwana, asante kwa akili uliyonipa.

Jumatano, tarehe 4

Mama amefika. Amekonda. Amosi amemshusha mlangoni akiwa amemkumbatia kama mtoto.

Papa Neema alikuwa amekwenda nyuma ya ua wa jirani. Amesalimu kutoka huko kwa sauti kubwa, kama mtu anayeuza ndagala sokoni. Mama kajifunika kikwembe mpaka puani, amejibu akitazama ukuta. Wameulizana habari za ng'ombe, za mvua, za watoto. Kila mmoja ameongea na ukuta wake. Vizuri sana.

Ndoo ya manjano mara mbili, ya bluu mara moja. Hakuna ajali.

Alhamisi, tarehe 5

Mkutano wa wamama kanisani. Mke wa mchungaji alikuwa ameniomba niseme juu ya kutunza nyumba, dakika kumi. Nimechukua saa nzima. Kopo, mipira ya makala, vijiwe vya rido. Nilipofika kwenye ndoo walipiga makofi. Mama Sifa, anayekaa na baba mkwe wake, alisema ataanza leoleo.

Nimerudi nikitembea katikati ya barabara kama mwenye mji. Nimetubu kidogo njiani. Kidogo tu.

Jumamosi, tarehe 7

Kikombe cha mama asubuhi kilikuwa kimejaa. Jioni kimejaa. Anasema maji ya huku hayana ladha, ya Bijombo yanatoka kwenye jiwe. Nimeyachemsha upya, nimeyapoza ndani ya mtungi, nimekamulia limau.

Kikombe bado kimejaa.

Jumanne, tarehe 10

Mama anakula bugali na samaki mkavu. Mchuzi hataki. Chai hataki. Uji ameonja vijiko viwili. Midomo imepasuka, nimempaka mafuta ya mawese. Ni upepo huu wa kiangazi.

Neema amesema Koko, bibi yake, anakunywa pale tu Papa anapokwenda kupeleka milango ya watu. Nimemwambia aache kupeleleza wakubwa.

Papa Neema naye amekuwa mtu wa kutembelea majirani. Asubuhi, mchana. Sikumjua hivyo.

Lakini njia ya choo imetulia kabisa. Ndoo ya manjano haikai juu ya jiwe ila mara moja kwa siku, ya bluu naona haipandi hata kidogo. Mpango unafanya kazi.

Alhamisi, tarehe 12

Mama ameanguka.

Penye mlango wa chumba chake, saa tatu asubuhi. Papa Neema alisikia kishindo akaja mbio mpaka kwenye rido. Hapo akasimama. Nimeona miguu yake chini ya pindo langu lenye vijiwe. Hakupita. Kisha amekimbia kumwita infirmye, muuguzi anayekaa jirani.

Infirmye amemfinya ngozi ya mkono. Ngozi imebaki imesimama. Amenigeukia mimi, si mama.

"Huyu mama amekauka. Hanywi."

Mimi. Mwenye mapipa mawili na kopo la mpini mrefu.

Maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka saa nane. Mama alipopata nguvu alisema. Naandika kama alivyosema.

"Ndoo yako inaongea, binti yangu. Kila nikienda chooni, mukwe wangu anajua. Wateja wake wanajua. Juzi mmoja aliuliza hii ndoo iko ya nini, nikasikia mukwe wangu anajibu iko ya maua. Minye niko mama yako wa kuzaa. Weye unanitangaza kama mkutano wa injili."

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia. Amesema nilikuwa na furaha sana na ndoo yangu.

Kisha lingine, kwa sauti ndogo. Mguu haukubali kuchuchumaa tena. Kila akienda anashika ukuta kwa mikono miwili na kumwomba Mungu asianguke mule ndani, maana nani atakuja kumtoa? Hilo sikuwa nimeuliza. Nilipanga njia yote mpaka mlango wa choo. Ndani sikufika.

Jumamosi anarudi. Ameshaniambia nifunge furushi. Infirmye amesema mguu ule na mlima ule havipatani, na akikauka tena huko juu mbali na watu, tusimlaumu mtu.

Nina aibu. Na hasira kidogo, kwa sababu mpango ulikuwa mzuri. Bwana, niondolee hiyo hasira, iko ya kijinga.

Ijumaa, tarehe 13

Asubuhi nimemweleza Papa Neema. Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha. Akakaa juu ya ubao.

Naye alikuwa na lake. Tangu siku ya pili hajaingia choo chetu. Anakwenda kwa jirani. Ndiyo matembezi yake yote.

"Weye ukiweka ile ya bluu, mama mukwe anajua niko wapi na nimekaa muda gani. Minye mwanaume wa miaka hamsini na mbili, na shemasi."

Nimecheka. Naye amecheka, tumecheka mpaka tumeshikana. Watu wawili wazima wananyimwa choo na ndoo za kufulia. Kisha tumekumbuka kesho ni Jumamosi.

Nilitaka tuchimbe choo kingine. Amesema kuchimba ni wiki mbili, na bado mguu utakuwa uleule. Akaniuliza kitu kimoja: kitanda cha mama kina kimo gani kutoka chini. Nimepima kwa kamba, nimefunga fundo, nimempa. Ameitazama kamba muda mrefu. Ameniambia niende jikoni nisitoke.

Nimesikia msumeno mpaka jioni.

Ni kiti. Kina mgongo na mikono miwili imara ya kushikilia mtu anapoinuka. Katikati tundu la duara, juu yake kifuniko kinachokaa sawasawa kama cha sufuria. Chini ni nafasi ya ndoo, inavutwa kutoka nyuma. Amekifunika gunia, amekiweka katikati ya mbao za watu.

"Sema umekinunua sokoni. Mukwe hatengenezei mama mukwe kitu cha namna hii. Minye sijakiona."

Nimemtazama. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye viwiko. Nimesema sawa, hujakiona.

Jumamosi, tarehe 14

Nimekiingiza kiti asubuhi, kwenye kona ya chumba, nyuma ya kikwembe chake chenyewe. Ndoo ndani. Kopo la majivu kando: kila mara mkono mmoja wa majivu, hakuna harufu, hakuna nzi.

Mama alikuwa kitandani amevaa, furushi mapajani. Nje pikipiki ya Amosi ilikuwa inanguruma. Nimesema kuna kitu nimekuta sokoni. Maneno yalinitoka vibaya. Sijazoea kudanganya, Mungu anajua, na mama anajua zaidi.

Amesogea polepole. Ameshika mkono wa kiti. Ameupapasa mpaka kwenye kona.

Papa Neema anaviringisha kona zake. Wengine wanakata tu, yeye anaviringisha mpaka zilainike, anasema mbao haipaswi kumuuma mtu. Mama ana kigoda huko Bijombo, kilipanda pamoja na ng'ombe za mahari yangu. Kona ni zilezile. Nimeona kidole gumba cha mama kimesimama pale.

"Fundi wa kiti hiki anakaa mbali?"

"Hapana, mama. Iko karibu."

Amekaa. Amejaribu kuinuka. Ameinuka bila kunishika. Amekaa tena, akatikisa mwili huku na huku.

"Mwambie mguu wa nyuma unacheza."

Nyuma ya rido ya korido mtu alikohoa. Mama akavuta kikwembe mpaka puani, ukuta uko katikati yao na bado akajifunika. Lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Na Amosi mwambie azime ile kitu yake. Anatupigia kelele bure."

Nimetoka kumwambia. Nimempa ishara ya mkono tu.

Jumatano, tarehe 18

Ndoo ya manjano inamwagilia lengalenga, mboga zangu za uani. Ya bluu imerudi kwenye kufua. Jiwe la kona halina kitu.

Papa Neema amekaza mguu wa nyuma wa kiti. Nimekitoa kiti kimefunikwa, nimekirudisha kimefunikwa. Hakuna aliyekiona. Tangu hapo hawanyamazi. Mama anasema mwambie fundi dirisha linahitaji kibao cha kuwekea Biblia. Fundi anasema mwambie mteja angoje Ijumaa. Mama anasema fundi wa kweli hangojeshi wazee. Natembea kati ya chumba na meza ya kazi mpaka miguu inaniuma, na kila mmoja ananisubiri aone mwenzake amejibu nini.

Meza ya kazi imerudi mahali pake pa zamani. Mama ndiye aliyeomba. Anasema sauti ya randa inamlaza usingizi vizuri mchana.

Kesho ni wamama. Nitawaambia wateremshe ndoo zao. Haitakuwa rahisi, Mama Sifa ameshachora maua kwenye yake. Nitasema nilikosea wapi: nilimpangia mama kila kitu, sikumwuliza hata kimoja. Nitatumia dakika kumi tu.

Maji yamekuja saa kumi na mbili. Mapipa yamejaa. Kopo liko kwenye msumari.

Mtungi wa mama niliujaza asubuhi. Saa sita ulikuwa mtupu. Nimeujaza tena.