Mafuta ya Nyundo Yako Tuliyala na Maharagwe

Fidele, mupwa wangu,

Ni mimi mujomba wako, yule wa maneno mengi. Amahoro, amani iwe huko uliko. Huku Rumonge hakuna.

Nianze na hili linalonikaba. Kabla homa haijakuangusha, ulichonga kichwa kipya cha nyundo ya muti wa mupera, ukakizamisha mu ndoo ya mawese nyuma ya atelie, pale ulipofanyia kazi, ili kinywe mafuta mpaka mvua zije. Hukumwambia mutu. Siku ya kilio chako wanamama wakaona ndoo ya mafuta mazuri, wakasema Mungu ametoa, wakayapikia maharagwe. Kichwa wakakitupa juu ya jiwe, kipande cha kuni tu. Mimi nilikula, nikaongeza, nikasema hata mu ndoa ya waziri sikupata maharagwe ya namna hii. Kumbe ninakula nyundo yako.

Nilipokiokota, jua lilikuwa limekipasua upande hadi upande.

Ile nyundo ya zamani tulikuzika nayo. Mupini ulikuwa umelika kwa vidole vyako, nani angeushika? Na mashua uliyokuwa unaiziba ingali juu ya muchanga. Upande mumoja umezibwa vizuri, upande wa pili ukichungulia unaona ziwa. Wafundi waliobaki wako na nyundo za chuma za dukani. Walijaribu. Chuma kikasukuma pamba ya kuziba kati ya mbao mpaka ikatokea ndani, ubao ukapasuka. Mwenye mashua amechoka. Anasema atauza mbao kwa wapika mawese wa Kigwena, ziwe kuni.

Wewe ulikuwa unapiga polepole, sikio karibu na ubao. “Mujomba, nyamaza kidogo, nisikie kama pamba imeshiba.” Mimi nimenyamazisha wakubwa, nimenyamazisha mulevi wa Nyanza-Lac mwenye panga. Lakini aliyeninyamazisha mimi ni wewe peke yako.

Na yule kiboko wangu, niliyemugonga kichwani na nyundo yako akarudi majini kwa adabu? Ulikuwa unasema, “Mujomba, huyo kiboko anakua kila mwaka.” Sasa nikimusimulia, watu wanaitikia tu, ee, ee, wananihurumia. Hakuna anayenibishia. Kiboko amekonda, Fidele. Karibu atakuwa mbuzi.

Mama yako hakai tena upande wa atelie. Anasema kimya cha pale kinamupigia kichwa. Dada yangu huyo, sina hadithi ya kumupa.

Nimenunua mawese mapya, nimekirudisha kichwa mu ndoo. Ninajua, muti ukisha kupasuka haujifungi. Ulinifundisha wewe, ingawa watu niliwaambia ni mimi niliyekufundisha. Lakini kila asubuhi ninaenda, ninafunua kifuniko, ninaangalia ule ufa.

Lala, mutoto wa dada yangu. Mashua siwezi kukuahidi. Ninakuahidi ndoo tu: hakuna atakayepikia mafuta yale tena, hata siku watakapokuja kunililia mimi.

Mujomba wako