Shamba la Kahawa Kifuani mwa Ma Klaudia

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Nshamba, niko likizoni, naomba unisaidie maana akili yangu siku hizi inaelea tu kama ukungu wa asubuhi migombani na sijui niishike wapi. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, kwenye maktaba ya madaktari, na kazi yangu si kutibu watu, kazi yangu ni kujua rafu, mwanafunzi anataja ugonjwa, namletea kitabu, anasoma kimya, anarudisha kimya, maana kwetu kuongea ni marufuku, na kuna siku jioni inafika sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Sasa nilipokuja huku nilibeba kitabu kimoja cha magonjwa ya kifua, toleo ambalo maktaba ilikwisha kuliondoa rafuni, na jioni moja Ma Klaudia, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye hasa aliyenilea, aliniomba nimsomee kilichomo kwa kuwa anakohoa tangu masika. Kitabu ni cha Kiingereza, nikawa nakigeuza kwa Kihaya polepole, na pale kinaposema vifuko vya hewa mapafuni vimekaa kama mashada ya zabibu, zabibu huku nani anazijua, nikasema ni kama mashada ya kahawa mtini. Mshauri, ungeuona uso wake. Aliweka mkono kifuani, akacheka taratibu, akasema kumbe Mungu alimpandia shamba humo ndani na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tangu hapo anakuja kila jioni, na majirani wanakuja, mama anatandaza nyasi mpya sebuleni, wanatafuna kahawa wakinisikiliza, watoto wanalala mapajani mwa Ma Klaudia, nami nasoma, mwanga unapungua, harufu ya nyasi imejaa nyumba nzima, na nakwambia ukweli sijawahi kuwa na furaha ya namna hii. Lakini Ma Klaudia amezoea kumwona katekista akiwasomea wagonjwa sala, basi ameamini kwamba na mimi namsomea ili apone. Anasema anaota kahawa inachanua kifuani mwake, nyeupe tupu, inanukia, na anapoamka kikohozi kimepungua. Nilimwambia aende hospitali akapimwe. Akanijibu, "Mwana wange, hospitali ya nini, na wewe unanisomea?"

Nikafungua kitabu, nikaendelea kumsomea. Ile sura ya mwisho, ya tiba, nairuka kila mara, maana inataja sindano za miezi mingi na kulazwa mbali na watu, na dada yake alilazwa kwa kikohozi cha hivihivi hakurudi. Juzi alitema damu kwenye jani la mgomba, akalikunja haraka, akanitabasamia, akaniambia niendelee. Nikaendelea. Nikiacha kusoma si nitakuwa nimeling'oa shamba lake? Na nisipoacha? Likizo yangu iko ukingoni, naomba uniambie la kufanya.

Kemilembe, Nshamba

JIBU

Kemilembe mwanangu,

Majina yenu nimeyabadilisha, na jibu hili nimelitanguliza kwa posta, kwa sababu jambo lako si la kungoja gazeti.

Nimeisoma barua yako mpaka chai ikapoa. Nimeipenda, na imenikasirisha. Ulipoeleza ile kahawa inayochanua hata mimi nilitamani kuja kuketi kwenye nyasi zenu. Lakini amka. Mama wa watu anatema damu, wewe unafungua ukurasa mwingine.

Unaniuliza kama utaling'oa shamba lake. Usijidanganye kwa maneno mazuri, binti. Unachoogopa kukipoteza ni jioni zako. Huko chuoni hakuna anayekusikiliza, huku nyumba nzima imekutulia, ni raha, sikulaumu kwa kuipenda. Ninachokulaumu ni kuruka ile sura. Mwanafunzi wako akija kuulizia tiba, ungempa kitabu huku umechana kurasa za mwisho? Na hao watoto wanaolala mapajani mwake, umewafikiria? Ugonjwa huo unapitia wapi kutoka mtu mmoja hadi mwingine, umewasomea wewe mwenyewe kwa sauti yako tamu.

Kwa hiyo leo watoto wabaki kwao. Keti na Ma Klaudia nje, penye upepo, umsomee sura ya tiba yote, sindano na miezi yake, bila kuipaka asali. Akikutajia dada yake, mwambie Ma Georgina wa gazetini, ndiye mimi, naye alilazwa, alichomwa sindano mpaka akachukia kukaa, na leo anapalilia migomba yake na kugombana na wasomaji. Mwombe katekista aje asubuhi amwombee kabla hamjaondoka kwenda hospitali, asidhani unamnyang'anya kitu. Mwone mwenyekiti wa kijiji, lori la ushirika linapopeleka kahawa Bukoba mpate nafasi mbele kwa dereva, na lisipokuwepo mpande basi. Wote waliokuwa wanakaa kwenye zile nyasi wakapimwe, wewe wa kwanza. Chuoni piga simu uombe siku za nyongeza. Kama ni kusoma, waulize wauguzi wakuonyeshe pa kukaa umsomee akiwa wodini, nao wagonjwa wengine wana masikio.

Inawezekana atasikiliza sura yote mpaka mwisho na bado aseme haendi. Mimi nilikataa mara mbili, kwa hiyo namjua. Hapo usibishane naye kwa kitabu, kiweke chini. Mwambie unaogopa atakufa. Mwambie yeye ndiye aliyekulea na bado hujashiba kuwa naye. Hilo hakuna kitabu kitakachokusemea, liseme kwa Kihaya chako, ukiwa umemshika mkono, na usiuachie mpaka ainuke.

Ma Georgina