Hakuiona Sura Yako

Kitengela,
3 Agosti 2004.

Kwa ndugu yangu Mbuvi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kimana, wewe na watoto, na vitunguu vinaendelea vizuri. Ule mguu je, umepona? Sisi tunaamka, tunashukuru Mungu.

Mpwa wako Kalunde amekuwa mgonjwa. Unajua alikuwa kwa shamba la maua Isinya, kazi ya kupanga waridi kwa urefu. Mwezi wa tatu akaanza kuchanganya. Aliniambia mashina yanarefuka akiyatazama, na maua mekundu yanawaka mpaka anafumba macho. Mimi nikafikiri ni macho, nikamnunulia miwani. Aliivaa siku mbili, akasema sasa ule ubaya anauona vizuri zaidi. Tulicheka, na hakukuwa na la kucheka.

Kisha akaanza kuogopa nyuso. Anaona jicho peke yake, mdomo peke yake, havikubali kuwa mtu. Siku moja niliingia jikoni akapiga kelele, akaniuliza mama yake yuko wapi. Tulifunga na kuomba siku saba. Msimamizi wake, mama mmoja Mmaasai anaitwa Naisenya, ndiye alitupeleka hospitali Kajiado. Daktari akasema ni ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Alinieleza kwamba si kusikia sauti tu, wengine hata kuona kwao kunabadilika. Macho ni mazima, ubongo ndio unashindwa kuunganisha vipande.

Anameza dawa, na kuna nafuu kidogo. Naisenya akija humwekea kiganja juu ya kichwa, vile Wamaasai husalimia watoto. Kalunde anatulia, mkono anaujua. Siku hizi hata mimi ananiinamishia kichwa kabla hajanitazama.

Sasa nisikie, ndugu yangu. Daktari aliuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa hivyo. Nikasema hakuna. Na hiyo ni mara ya pili nimeficha. Siku ile mama yetu alikufukuza na mwiko akisema, "Huyu si mwanangu," ulipoondoka aliniita. Aliniambia sauti yako aliisikia, lakini sura yako ilikuwa imevunjika kama sahani. Alilia sana. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nachumbiwa, nikaogopa watu waseme nyumba yetu iko na wazimu. Ukaenda ukijua mama amekukataa. Hata kwa mazishi yake nilikuangalia tu, umesimama nyuma ya watu kama mgeni.

Hakukukataa, Mbuvi. Hakuweza kukuona. Nimetubu kwa Mungu, lakini niliyemkosea ni wewe.

Tarehe kumi na saba tunarudi Kajiado, na nitamwambia daktari ukweli. Kuna mambo mama alikwambia wewe, si mimi. Niandikie unayokumbuka, hata kama ni kwa hasira. Msalimie wifi yangu na watoto wote. Kalunde anauliza kama mjomba atakuja.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako,
Mbeke.