Nani Atapanda Pikipiki ya Hénoch

Kamina, tarehe 3 Machi 2024

Mama mukwe,

Nakusalimu kwa heshima. Habari za Kabondo-Dianda, habari za kifua na miguu? Hapa tuko wazima. Mimba ya Lise imeingia mwezi wa saba, naye anakusalimia sana. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo hatuwezi, na simu nayo ni mdomo.

Mama, niko taabuni. Unajua natafuta ruhusa ya kubeba abiria kwa pikipiki. Ofisi ya mji haitazami karatasi ya udereva na kupima macho tu. Kamati yao inakuja mtaani, inasoma jina lako mbele ya watu na kuuliza: nani anamjua huyu, na anamjua kwa tabia gani? Waliposoma jina langu, Mwalimu Tshibangu akasimama. Akasema, "Ule kijana, mimi nilimuona na macho yangu. Mama mukubwa iko na homa, anatetemeka pale ku reli, mvula inanyesha. Ule mama anamusimamisha. Kijana anamuangalia, anageuza pikipiki, anaenda."

Mama yule ni wewe, siku ile ulipokuja huku Kamina. Ningekubebaje? Mgongo wangu na kifua chako vigusane, mji mzima ukitazama? Lakini mbele ya kamati nilinyamaza, maana kumtaja mama mukwe katika maneno kama hayo ni aibu juu ya aibu. Mwenyekiti wao, Mama Tshiala, akasema nimlete huyo mama tarehe 26, la sivyo jina langu lifutwe. Na Umba, mwenye pikipiki, amekwisha kusema atampa dereva mwingine.

Nakuomba uje uwaambie kwamba ilikuwa heshima.

Mukwe wako,
Hénoch

Kabondo-Dianda, tarehe 9 Machi 2024

Mukwe wangu Hénoch,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Ève, muuza samaki. Mimi mzima kiasi. Tunachimba muhogo kabla haujaoza, mvua imezidi. Umsalimie Lise.

Heshima yako naijua. Hata mimi nisingepanda nyuma yako. Nilipotambua ni wewe, niliteremsha mkono nikaangalia pembeni. Kwa hilo sina neno.

Neno langu ni lingine. Nilisema moyoni: mukwe wangu ameniona, sasa hivi atatuma mtu. Nikangoja. Mvua ikanipiga hadi nikakaa kwenye matope kama mlevi. Aliyeniinua ni huyo Mwalimu Tshibangu, akanipeleka hospitali kwa baiskeli yake. Lise alipofika kesho yake alinikuta na sindano ya serumu mkononi, akauliza ni dereva gani aliyeniacha. Nikamficha jina lako.

Wewe ulikwenda wapi?

Mama mukwe wako,
Mwadi

Kamina, tarehe 14 Machi 2024

Mama mukwe,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya shamba. Swali lako limenichoma.

Nilikwenda sokoni nikamkuta Yav, dereva mwenzangu. Nikamwambia, "Yav, kimbia kule ku reli, kuko mama moja wa kwetu, iko mugonjwa." Akaitika, akaondoka. Kumbe njiani alisimamishwa na abiria mwenye mizigo, akakusahau. Mimi nilirudi kazini nikiona nimemaliza. Jioni sikumwambia Lise, nikiogopa ataniuliza, "Ulimuona, ukamuacha?"

Lakini hayo ya Yav, Mama, usiyapeleke kwenye kamati. Sema mila tu. Mila wataielewa, kila mtu ana bakwe zake.

Mukwe wako,
Hénoch

Kamina, tarehe 21 Machi 2024

Mama mukwe,

Natumaini uko mzima. Ève amerudi bila barua. Leo Umba amemleta mtu mwingine kujaribu pikipiki, mbele ya macho yangu. Kama una hasira, niambie nijue. Kimya chako kinanitisha kuliko kamati.

Mukwe wako,
Hénoch

Kabondo-Dianda, tarehe 29 Machi 2024

Mukwe wangu Hénoch,

Nimefika salama, ingawa treni ilikawia kama kawaida yake. Kifua kimepoa.

Siku ile ya kamati wewe ulikaa nje ya mlango, kama inavyopasa, kwa hiyo hukusikia. Sitaki uyapate kwa watu. Niliwaeleza mila. Wakatikisa vichwa, wakakuondolea lile neno la kukataa abiria. Nilikuwa nimeshasimama kutoka. Ndipo Mama Tshiala akaniuliza, "Mama, ile mila ya bukwe tumesikia. Sasa, mutoto wako akiwa mugonjwa, unaweza kumupatia Hénoch amubebe?"

Nilimfikiria Lise. Halafu nikawafikiria watoto wa wanawake wengine. Nikasema, "Leo, hapana. Alituma mwenzake, hakurudi kuangalia kama niko muzima."

Walipokuambia urudi kuomba mwezi wa tisa, ulimlaumu Mwalimu Tshibangu. Siyo yeye. Ni mimi. Niliumia kusema, na ninaumia kuandika, maana najua Umba amechukua pikipiki yake, na mjukuu wangu atazaliwa katika nyumba yenye njaa.

Mwezi ujao nakuja kumngoja huyo mtoto. Nitashuka kwenye gare ya treni na mizigo. Usitume mtu. Kuja mwenyewe, beba, utangulie mbele, mimi nitafuata kwa mbali kama mila inavyotaka. Na kila ukipita nyumba chache, geuka uangalie kama nipo.

Mama mukwe wako,
Mwadi